Kilichojificha Nyuma ya Sigara

Asubuhi huko Shume, ukungu ukiwa bado umefunika mashamba ya kabichi na viazi, mkulima huwasha sigara kabla hajashika jembe. Ukimwuliza sababu, atakujibu ni baridi. Hatumkatalii, ila twaona hilo si jibu lote, kwani hata mchana wa jua kali, akingoja lori la Dar es Salaam na bei asiyoijua, huwasha nyingine.

Wanaotibu kwa hipnozi huanzia hapo. Hipnozi, ambayo daktari James Braid wa Uingereza aliiandikia kitabu mwaka 1843, si uchawi wala mazingaombwe: mgonjwa hutulizwa kwa maneno hata fikra zake zikatua juu ya jambo moja. Ndipo huulizwa, si kwa nini haachi, bali tabia hiyo yamfaa nini. Huenda yamtuliza hofu ya deni. Huenda ndiyo ruhusa pekee aliyonayo ya kupumzika bila kuitwa mvivu. Haja hiyo isipopatiwa njia nyingine, sigara ikitoka, ugoro huingia.

Tusiikuze tiba hii kupita kiasi. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2019 hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba yazishinda njia nyingine za kuacha sigara. Tena tumbaku ina nikotini, inayoufanya mwili uidai hata nia ikiwa imebadilika. Lakini swali lile halimngoji mtaalamu. Mke aliyekwisha kukemea miaka kumi aweza kumwuliza mumewe jioni, penye moto wa jikoni, na kulisubiri jibu la pili.