SOKSI YA KRISMASI YA MTOTO: JINSI YA KUISHONA KWA MKONO

Katika nchi nyingi za Ulaya na Amerika, usiku wa kuamkia Krismasi watoto hutundika soksi, na asubuhi huzikuta zimetiwa zawadi ndogo ndogo. Mila hiyo huhusishwa na Mtakatifu Nikolasi, aliyekuwa Askofu wa Myra, katika nchi iitwayo sasa Uturuki, yapata miaka 1700 iliyopita. Yasimuliwa kwamba mtu mmoja fukara alikuwa na binti watatu, na kwa desturi ya huko baba ndiye aliyetoa mali ili binti yake aolewe, si bwana arusi kama ilivyo kwa Waturkana. Askofu akawarushia dhahabu usiku kwa siri; na wasimulizi wa baadaye wakasema kwamba iliangukia ndani ya soksi iliyoanikwa penye moto. Mwaka wa 1823 gazeti moja la mji wa Troy, katika Marekani, lilichapisha shairi lililotaja soksi hizo, na mila ikazidi kuenea.

Longech ni kijiji cha wavuvi kilicho juu ya ulimi wa mchanga katika Ziwa Turkana, upande wa magharibi, karibu na Kalokol. Mtu aweza kudhani kwamba kazi ya soksi hii ni ngeni kabisa kwa akina mama wa huko, au kwa wale wa Lodwar na Kakuma. Sivyo. Mama aliyefundishwa kushona shanga juu ya ngozi amekwisha kujua nusu ya kazi, na sababu yake ni kitambaa chenyewe.

Felti ni Kitu Gani?

Nguo ya kawaida hufumwa kwa nyuzi zinazopishana. Ukiikata, nyuzi za ukingoni huchomoka, ndiyo maana hukunjwa pindo. Felti haifumwi. Sufu ya kondoo hutiwa maji ya moto, husuguliwa na kugandamizwa hata vinyweleo vyake vishikamane. Tarbushi nyekundu walizovaa zamani askari wa K.A.R. zilikuwa za namna hiyo. Felti ikikatwa haichomoki nyuzi, na ngozi ni vivyo hivyo. Wanawake wa Kiturkana walipamba mavazi ya ngozi ya mabinti kwa shanga za maganda ya mayai ya mbuni, na baadhi ya mavazi hayo yamehifadhiwa katika majumba ya makumbusho. Mkono uliozoea kazi hiyo hautaishangaa felti.

Felti ikikosekana, kipande cha blanketi kuukuu la sufu halisi kitafaa. Kifuliwe kwanza kwa maji ya moto na sabuni, kisuguliwe sana, kisha kikaushwe. Kitanywea na kuwa kizito.

Kukata na Kupamba

Chora umbo la soksi juu ya karatasi: urefu inchi 15, na upana wa mdomo inchi 6. Weka karatasi hiyo juu ya felti, zungusha chaki, na ukate vipande viwili vilivyo sawa.

Mapambo hushonwa juu ya kipande cha mbele kabla ya kuunganisha, kwa maana baadaye mkono hautapita vizuri ndani. Kata nyota, au ngamia wa Mamajusi, au samaki, ambaye mtoto wa Longech humfahamu kuliko vyote. Vishikize kwanza kwa bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kisha vizungushie mishono midogo na uondoe bandi.

Hapa yapasa uangalifu mkubwa. Ushanga uliolegea huishia kinywani mwa mtoto, na waweza kumkaba koo. Tumia uzi maradufu, upitishe mara mbili katika kila ushanga, na ufunge fundo nyuma ya kila mmoja, ili mmoja ukikatika mingine isifuate. Ukimaliza, vuta kila ushanga kwa vidole. Kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka mitatu, acha shanga kabisa. Pamba kwa nyuzi za rangi tu.

Kuunganisha

Linganisha vipande viwili, mapambo yakiwa nje. Anza penye mdomo upande mmoja, zunguka hata upande wa pili, ukipitisha uzi juu ya ukingo kila robo ya inchi. Mdomo uachwe wazi. Kitanzi cha kutundikia kishonwe kwa uzi maradufu, kwani uzito wote huwa hapo.

Nyumba zilizojengwa kwa makuti ya mikoma hazina bomba la moshi, lakini fito yoyote iliyo imara yatosha, mradi iwe mbali na taa na jiko. Felti ya viwandani isiyo ya sufu huyeyuka upesi ikiguswa na moto.

Sikukuu ikiisha, soksi ikung'utwe mchanga, ikunjwe na kuhifadhiwa. Ikiwa mishono yake ni imara, mdogo wake mtoto huyo ataitundika naye zamu yake itakapofika.