Kuhesabu Pumzi za Mtoto Mchanga

Mlio darasani, fungueni vijitabu vyenu mnifuate polepole. Leo tutatumia ile hesabu mliyojifunza, ya moja mpaka mia, kwa kazi iliyo kubwa kuliko kununua sukari dukani.

Nianze na habari ya nyumbani kwangu. Mtoto wetu wa kwanza alipokuwa na siku nne, mke wangu aliniamsha usiku wa manane. "Mume wangu, amka! Mtoto hapumui." Nikawasha taa. Kweli, kifua kilikuwa kimya. Kabla sijapata kiatu cha pili, mtoto akashusha pumzi, akahema mbiombio kama mtu aliyepanda mlima, kisha akatulia. Tukamfunika kanga, tukamkimbiza zahanati gizani. Mkunga alimfunua, akamtazama kwa dakika nzima, akasema, "Baba, mtoto wako mzima. Lakini mmefanya vyema kuja. Sasa kaa nikufundishe kuhesabu." Stashahada ya chuo kikuu ninayo, na jambo hilo sikulijua.

Mtoto akiwa tumboni hapumui hewa. Mapafu yake yamejaa maji, na oksijeni huipata katika damu ya mama kwa njia ya kitovu. Akizaliwa ndipo mapafu huanza kazi. Sehemu ya ubongo inayoongoza pumzi bado ni changa, kwa hiyo mwendo wake haujawa sawasawa. Mtoto hupumua haraka, hupunguza, husimama sekunde tano au hata kumi, kisha huendelea. Hali hii huonekana zaidi usingizini, na hupungua miezi inavyopita. Chafya na kwikwi ni mambo ya kawaida. Mlio wa pua pia, kwani mtoto mchanga hupumua hasa kwa pua, na tundu zake ni nyembamba. Kamasi kidogo tu hupiga filimbi. Usimtie mafuta puani. Yanaweza kuingia mapafuni yakamdhuru.

Sasa tuhesabu. Ngoja mtoto atulie, asiwe analia wala kunyonya. Funua nguo uone kifua na tumbo. Tumbo likipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Wewe tazama tumbo. Mwenzako atazame saa yenye mshale wa sekunde, au simu. Hesabu dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha kwa mbili, maana kama mtoto alisimama katika nusu ile, utapata hesabu ya uongo.

Mtu mzima aliyekaa kimya huvuta pumzi 12 mpaka 20 kwa dakika. Mtoto mchanga huvuta 30 na zaidi, lakini zisifike 60. Ukipata 60 au zaidi, hesabu tena papo hapo. Mara ya pili ikiwa hivyo hivyo, nenda zahanati. Usingoje kupambazuke.

Ziko dalili nyingine zisizongoja hesabu. Nyama ya chini ya mbavu inabonyea ndani sana kila mtoto anapovuta pumzi. Tundu za pua zinatanuka. Anaguna kila anapotoa pumzi. Pumzi imesimama mpaka sekunde 20. Ulimi au ufizi umekuwa wa buluu au kijivu (viganja na nyayo kuwa hivyo kidogo siku za kwanza si kitu, tazama ulimi). Amekataa kunyonya, amelegea, ana degedege, ana joto kali, au mwili umekuwa wa baridi. Ukiona moja tu, ondoka. Njiani mama amweke kifuani, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja, pua ya mtoto ikiwa wazi. Akiacha kupumua, msugue mgongo, na mpige kelele kuomba msaada. Usimtikise.

Jirani yangu mmoja alihesabu 74, akarudia akapata 76. Bibi wa mtoto alitaka aitwe mkata kimeo. Ndugu zangu, kimeo kila mtu anacho, mimi nawe. Hakileti ugonjwa huu, na kukikata kumeua watoto kwa kuvuja damu na kuoza kidonda. Baba yule alimheshimu mama yake, lakini alimchukua mtoto akaenda. Ilikuwa homa ya mapafu. Mtoto alilazwa, akachomwa sindano za dawa siku kadhaa. Sasa yuko darasa la pili, na mpira wake umekwisha kuvunja kioo changu kimoja.

Tena, jiko la mkaa lisiwekwe katika chumba cha mzazi ati kumpasha joto mtoto. Hewa yake yaweza kuwaua wote wawili usingizini. Na mtoto alazwe chali, pasiwe na mto wala nguo nzito karibu na uso wake.

Kazi ya juma hili ni hii. Kaeni wawili wawili, kila mmoja ahesabu pumzi za mwenzake kwa dakika nzima, aandike namba daftarini. Mwenye mtoto mchanga nyumbani amhesabu leo hii akiwa mzima, aandike namba hiyo pamoja na tarehe. Juma lijalo tutazungumza juu ya kutunza kitovu. Kwaherini.