Wao Moshi, Sisi Moshini

Mwanangu, Desemba ikigonga tarehe ishirini, Dar inapungua uzito. Wachaga wote wanaenda Moshi. Redio inasema, stendi ya Magufuli pale Mbezi inasema, mpaka mangi wa duka la kona anaacha kufuli. Wana wa Miono, kule Pwani, nani anatutangaza? Hamna. Tunapotea kimyakimya kama bando la usiku.

Na tusidharauliane. Mapadre wa Roho Mtakatifu walitua Bagamoyo 1868, na 1881 walishapiga kambi Mandera, hapo jirani yetu kabisa. Kilema ya Kilimanjaro waliifikia karibu miaka kumi baadaye. Kwenye Krismasi ya Kikatoliki sisi ndio makaka. Mangi akirudi Januari mwambie. Mwambie taratibu lakini, una deni lake la mkate.

Ila msala hauanzii Miono. Unaanzia kwenye grup la ukoo, mwanzoni mwa mwezi. Ile listi ya michango unaijua. Jina, kiasi, tiki ya kijani. Binamu anayeuza mitumba Karume ana tiki. Dogo wa fomu siksi ana tiki, sijui kaitoa wapi. Mimi mbele ya jina langu pameandikwa "ahadi". Neno moja tu, linauma kuliko jino. Siku ya pili ikaingia meseji kwa namba ngeni: "Ile hela tuma kwenye namba hii, na ya kutolea." Nikajua tapeli. Nikabloku. Kumbe ni mjomba, kabadilisha laini.

Siku tatu nzima nimembloku mjomba. Na kwetu mjomba si mtu wa kublokiwa, mwana. Wakwere, Wazigua, Wadoe, wote hao ukoo unapita kwa mama. Dingi ni dingi, tunamheshimu, ila rimoti iko kwa mjomba. Akikohoa tu, kikao kimefunguliwa.

Safari nayo ni stori. Nauli ya LATRA imebandikwa ndani ya basi, konda anaiangalia kama kalenda ya mwaka juzi. Unalipa, unakausha. Halafu Wami. Daraja la zamani lilikuwa la gari moja moja, mnasubiriana wee, ulikuwa unapata muda wa kupanga uongo wako vizuri. Tangu 2022 kuna jipya, pana, linateleza. Unashtukia upo Mandera unashuka, boda wanakuvuta begi, na uongo wenyewe hujafika hata nusu. Maendeleo mengine yanazingua.

Pamba sasa. Usije na koti, nakuomba. Kuna mchizi alilivaa Krismasi iliyopita, Desemba ya Pwani, jasho linamtoka mpaka kwenye tai. Raba nyeupe sahau. Na usithubutu gari la kukodi. Broo mmoja wa ukoo alivimba nalo, kalipia siku tatu, kioo chini, singeli juu. Mjomba alilizunguka mara moja tu, akasema limekuja kwa wakati. Likabeba kuni. Likabeba kreti za soda. Likabeba mbuzi siti ya nyuma na mashangazi wanne, na mbuzi ndiye aliyekuwa na adabu. Mafuta ya kwake. Kulirudisha, mwenye gari akanusa ndani, akataka hela ya kuosha. Juu ya hela ya kukodi. Na ya kutolea.

Mimi nilitua na boda, mnyonge, mananasi mawili ya Kiwangwa mkononi. Mkeka upo chini ya mwembe. Interviu ikaanza kabla sijavua viatu.

"Siku hizi unafanya nini?"

"Natengeneza kontenti, mjomba."

"Kontena?"

Kimya. Maza akaona mwanaye anazama, akawahi: "Ndiyo, yupo bandarini."

Basi. Mpaka jioni mimi ni mtu wa bandari. Binamu kaja kupiga mzinga wa laki. Shangazi anataka nimuingizie mwanaye. Mwingine kaniambia mwenzangu niliyemaliza naye darasa la saba kajenga Chalinze. Kila mwaka kuna mtu kajenga Chalinze, mwanangu. Ukiwajumlisha wote waliojenga Chalinze kwa mdomo wa mashangazi zangu, pale ni New York.

Ukiwaambia wazee una stresi wanacheka. Usijaribu kabisa neno sonona, mjomba atakuulizia basi la Dodoma, likushushe Mirembe. Dawa yake ni moja. Huna usingizi? Oa. Huna hela? Oa. Kichwa kinauma? Simu hiyo, halafu oa. Yeye mwenyewe kaoa mara tatu na kichwa kinamuuma kila siku.

Sasa shika hii ya kwangu, bure. Ukiona kikao kinanoga, kimbilia kwenye sufuria la pilau. Serious. Mtu wa moto haulizwi. Kwetu nusu ukoo ni Waislamu, kwa hiyo mbuzi anachinjwa na babu mdogo mwenye kanzu ili wote tule, na mpishi ni shangazi ambaye Idd tunahamia kwake. Mafiga matatu, sufuria la shughuli, kitunguu kinageuka rangi ya udongo, bizari inakupanda puani. Kazi yako kuchochea kuni, kisha kupalia makaa juu ya mfuniko. Anayekuja na swali la ndoa, moshi unamfuata yeye. Moshi una akili, mwana. Nilikaa pale saa nne nzima, freshi kabisa, mwili mzima unanuka kama samaki wa kukausha.

Kilichonizingua ni mbuzi. Si yule wa gari. Mbuzi wa kukunia nazi, wa bibi. Bibi alituacha mwezi wa saba, na kile kibao kilikuwa kimeegemea ukuta palepale alipokiweka, meno yana kutu. Watu wanakipita kwa pembeni. Shangazi anataka tui la maharage, anaangalia kibao, anaangalia pembeni. Mwisho akanirushia kizio cha nazi: "Wewe ndiye ulikuwa unamwibia chicha. Kaa."

Nikakaa. Kimepinda upande wa kushoto, alivyokizoea yeye. Nazi ya kwanza nilikuna hadi nusu.

Mjomba akatokea, shati jipya, mistari ya kukunjwa dukani bado ipo.

"Unalia?"

"Moshi."

Akachuchumaa. Akaangalia moto. Akaangalia kibao. Akaanza kujifuta na mkono wa shati jipya.

"Kuni mbichi hizi," akasema.

"Mbichi, mjomba."

Dakika nzima hatujaongea. Nikasema leo tumemaliza, mzee kalainika. Akakohoa.

"Sasa mtu wa bandari mzima, kwenye listi bado ni ahadi?"

Nikatia kuni nyingine. Niliichagua iliyokuwa mbichi kuliko zote.