Vitanda vya ghorofa vilivyokwisha kutumika: tununue ao tuache?

Familia nyingi za makanisa yetu huku mashariki zimepokea watoto wa ndugu waliokimbia vita. Chumba kilichokuwa cha watoto watatu sasa kinalaza sita. Ndiyo maana wazazi wanatuuliza juu ya vitanda vya ghorofa vilivyokwisha kutumika: vya chuma vilivyotoka katika internati za masomo, ao vya mbao za mkaratusi ambavyo familia inayohama inauza haraka. Bei ni ndogo na nafasi inapatikana. Tununue ao tuache?

Tunajibu hivi: tununue ikiwa kitanda kinaweza kutengenezwa kiwe salama, na tuhesabu gharama ya kukitengeneza kabla ya kutoa pesa.

Kitanda cha juu ni kama dari

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, mtu anayejenga nyumba anaamriwa kuweka ukuta mdogo kandokando ya dari, ili asiwe na hatia ya damu mtu akianguka. Zamani zile watu walitembea, walifanya kazi na hata kulala juu ya dari. Sheria ile haimngojei mtu aanguke, tena haimlaumu aliyeanguka. Inamwelekea mwenye nyumba. Mtoto aliyelala hawezi kujichunga. Sisi wazazi ndio tunapashwa kumchunga mbele.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kuangalia ni ubao ao chuma cha kuzuia mtoto asianguke. Kinapashwa kuwa pande zote mbili, hata upande wa ukuta, kwa sababu mtoto anaweza kuteleza kati ya kitanda na ukuta akabanwa. Kanuni za Marekani zinadai kizuizi kipite juu ya godoro kwa karibu sentimeta 13. Zile za Ulaya zinadai 16. Pima kuanzia juu ya godoro utakalotumia, si kuanzia kwenye mbao za kulalia. Godoro nene la sentimeta 20 linaweza kufunika kizuizi chote, na kitanda kilichoonekana salama sokoni kikawa hatari nyumbani.

Angalia pia nafasi zilizo wazi katika kizuizi: zisifike sentimeta 9, mwili wa mtoto usipenye huku kichwa kikibaki. Kama hauna mita, tumia ngumi: mahali ngumi ya mtu mzima inapita, ongeza ubao.

Mtoto wa chini ya miaka 6 asilale juu, hata akilia. Na kitanda cha juu ni cha mtoto mmoja tu.

Kukagua kabla ya kulipa

Nenda mchana, si jioni. Tikisa kitanda kwa nguvu. Kama ni cha chuma, angalia mahali kilipounganishwa: kutu iliyokula ndani ao ufa mdogo ni kazi ya fundi wa kuchomea vyuma. Kama ni cha mbao, tazama kama kimeshikwa kwa misumari mitupu. Misumari inalegea kila mtoto anapopanda; buloni unaweza kuzikaza tena. Mkaratusi uliopigwa kitanda ungali mbichi unapinda na kupasuka ukikauka. Ngazi nayo isicheze.

Kisha tafuta kunguni. Alama yao ni madoa meusi madogo kwenye maungio na matundu ya misumari. Usidanganyike kwamba kitanda kilikaa depo muda mrefu: kunguni anaweza kuishi miezi bila kula. Chuma unaweza kukimwagia maji ya kuchemka nje ya nyumba, kwenye kila maungio, halafu ukianike. Mbao zilizojaa kunguni ni heri kuziacha. Dawa ya shambani usiitie pale mtoto anapolala. Na godoro lililotumika na watu usiowajua, usilinunue.

Rangi ya zamani inayobanduka inaweza kuwa na risasi, sumu inayoharibu akili ya mtoto anayeitafuna. Usiikwangue ikiwa kavu, wala ndani ya nyumba.

Mahali kitakapowekwa

Nyumba zetu nyingi za mbao zina bati lililo chini na nyaya za umeme zinazoning'inia. Mtoto wa juu asifikie waya wala balbu, na aweze kuketi bila kugonga kichwa. Pale Goma, ambapo sakafu nyingi ziko juu ya mawe ya volkano, hakikisha miguu yote minne inakanyaga sawasawa. Chandarua viwe viwili: cha juu kifungwe darini, cha chini kifungwe chini ya mbao za kitanda cha juu. Mbu haachi kuuma kwa sababu mtoto amepanda juu.

Hesabu ya kweli

Tuseme kitanda kinauzwa dola 40. Fundi anaomba 15 kwa vizuizi, usafiri ni 5, chandarua cha pili ni 5. Hicho ni kitanda cha dola 65. Sasa uliza seremala wa mtaa wako bei ya kipya. Kama tofauti ni ndogo, agiza kipya kwa vipimo vyako. Kama hauna uwezo wa vizuizi leo, usinunue leo. Godoro juu ya mkeka safi, ndani ya chandarua, si aibu, na mtoto haanguki.

Neno la mwisho ni kwa parokia na masomo yetu yanayouza vitanda vya zamani. Amri ya dari inatuhusu sisi pia. Kitanda kisicho na kizuizi tukitengeneze kwanza, ao tumwambie mnunuzi wazi kinachokosekana. Tusimwachie mama maskini hatari ambayo sisi wenyewe tuliikimbia.

Bwana awachunge watoto wetu wanapolala.