Mtihani wa Kifaransa Katika Nyumba ya Mpakani

Asimamaye kando ya barabara pale Malaba huona msururu wa malori yatokayo Mombasa. Mengine huishia Kampala, na mengine huendelea hadi Kigali, Bujumbura, Butembo na Goma. Dereva aendaye Congo hukuta huko karatasi za serikali zimeandikwa kwa Kifaransa. Nchi hiyo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na majeshi ya Kenya na ya Uganda yamepata kutumwa mashariki mwake. Kwa hiyo lugha hiyo si anasa tena kwa askari, wala kwa mkewe afanyaye biashara.

Hata hivyo, aombaye kazi au masomo kwa kusema tu kwamba anakijua Kifaransa huulizwa hati. Hati ijulikanayo sana ni DELF, iliyoanzishwa na serikali ya Ufaransa mwaka 1985 kwa ajili ya watu ambao Kifaransa si lugha yao ya kuzaliwa. Ina ngazi nne: A1 na A2 kwa wanaoanza, B1 kwa awezaye kujitegemea safarini na kutoa maoni yake, na B2 kwa awezaye kutetea hoja. Juu yake iko DALF, yenye ngazi za C1 na C2. Si lazima kuanzia chini. Kila mtu huchagua ngazi inayomfaa.

Mtihani wa DELF una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Kila sehemu ina alama 25, na jumla ni 100. Anayepata 50 hufaulu, lakini kwa sharti moja: asipate chini ya alama 5 katika sehemu yoyote. Hapo ndipo wengi huumia.

Tuchukue mfano wa nyumba moja ya askari. Bwana amejifunza kitabuni, naye huona haya kusema. Apata 15 katika kusikiliza, 22 katika kusoma, 19 katika kuandika na 4 katika kuzungumza. Jumla yake ni 60, lakini ameanguka. Bibi ana mkahawa, na Kifaransa chake amekiokota kwa madereva wa Congo wanywao chai kwake. Apata 21 katika kusikiliza, 11 katika kusoma, 23 katika kuzungumza na 3 katika kuandika. Jumla ni 58, naye pia ameanguka. Ada imekwenda, nauli imekwenda, na atakaye kurudia hana budi kulipa tena.

Lakini tazama: kilichompungukia bwana, bibi anacho, na kilichompungukia bibi, bwana anacho. Kidole kimoja hakivunji chawa. Jioni, chakula kikiwa jikoni, bibi na amwulize mumewe maswali kwa Kifaransa, naye ajibu bila kitabu, hata kama watoto watacheka. Kisha bwana amsomee mkewe sentensi tano aziandike, wasahihishe pamoja. Nusu saa kila siku yatosha. Kwa kuzoeza sikio, iko Radio Okapi, iliyoanzishwa Congo mwaka 2002. Hutangaza kwa Kifaransa na kwa Kiswahili pia, nayo husikika hata kwa simu yenye intaneti.

Mambo matatu yasisahauliwe. Kwanza, aishiye Malaba anaweza kujiandikisha katika Alliance Française ya Kampala au ya Nairobi. Mitihani ina tarehe zake, basi na aulize mapema kabla ya kuomba ruhusa kazini. Pili, uko mtihani mwingine uitwao TCF, ambao matokeo yake hudumu miaka 2 tu, ilhali hati ya DELF haina mwisho. Askari aliyebakiwa na miaka mingi kabla ya kustaafu na apime ni ipi itakayomfaa. Tatu, hati hizi hupatikana kwa kuufanya mtihani tu. Akikujia mtu mpakani akakuambia anaweza kukuuzia hati bila mtihani, huyo ni mwizi, na askari atakayekamatwa nayo atapoteza kazi kwa sababu ya karatasi.

Wakati wa kupanga matumizi ya mwezi, bwana na bibi na wajipime kwanza sehemu zote nne. Palipo na upungufu pajengwe nyumbani, ndipo ada ilipwe.