Bihambwe: Simu ya mwalimu inaweza kufundisha hata bila intaneti

Bihambwe, wilayani Masisi, iko karibu na Rubaya, kule kunachimbwa coltan. Tantali inayotoka ndani ya coltan inaingia katika vipande vidogo vinavyotunza umeme ndani ya simu za dunia nzima. Lakini walimu wengi wa vijiji vya Masisi wanaingia darasani na chaki, tablo na simu moja tu mfukoni. Simu hiyo ni ya kupiga, kutuma pesa na kusoma habari za WhatsApp. Namna gani inaweza kumsaidia mwalimu kufundisha?

Mwaka 2018 shirika la UNESCO lilitoa upya mwongozo wake kwa walimu, wenye ujuzi 18. Ujuzi huo umepangwa kwa ngazi tatu: kupata maarifa, kuyaongeza kwa undani, kisha kuunda maarifa mapya. Mwongozo hauishii kwenye kujua mashine. Unamwomba mwalimu ajiulize kwanza: somo la leo ni lipi, na chombo hiki kitamsaidia mtoto kuelewa nini?

Huku kwetu, ujuzi wa kwanza ni kutayarisha mapema. Mwalimu akifika mahali penye rezo, soko au mji, apakue anachohitaji kwa juma lote. Programu ya Kiwix, kwa mfano, inatunza kurasa za Wikipedia ndani ya simu, kwa Kiswahili ao Kifaransa, na zinasomeka bila mega hata moja. Kuna vifurushi vikubwa sana na vingine vidogo. Achague kile simu yake inaweza kubeba. Mwenzake asiye na mega anaweza kupewa faili kwa Bluetooth ao kwa kadi ya memori.

Wa pili ni kuifanya simu moja itoshe kwa darasa lililojaa. Kupitisha simu mkono kwa mkono kunamaliza saa na chaji. Ni heri mwalimu achore kwenye tablo picha ya moyo aliyoiona kwenye simu, ao asikilizishe sauti fupi kisha aulize maswali matatu. Watoto wajibu kwa vikundi. Simu ikizimika, somo liendelee.

Wa tatu ni kuchunguza habari kabla ya kuisema. Vita inapokaribia, uvumi unapita haraka kwenye vikundi vya WhatsApp, na wazazi wanamuuliza mwalimu. Aangalie: nani ameandika? Lini? Picha ni ya hapa, ao ni ya zamani? Kuna redio ingine imethibitisha? Akiwafundisha wanafunzi maswali hayo, amewapa somo litakalowafaa hata nje ya shule.

Wa ine ni kutunza kumbukumbu za shule. Familia za Masisi zimehama mara nyingi, na mtoto akikimbia anaacha daftari na buletini nyuma. Akifika shule ingine bila karatasi, anaweza kurudishwa darasa la chini. Kumbe mwalimu akipiga picha ya rejista na ya pointi kila mwisho wa muhula, kisha kopi moja akampa direkta, ushahidi unabaki hata rejista ikiungua.

Ila picha hizo zinahitaji ulinzi. Simu iwe na namba ya siri, na majina ya watoto yasitumwe kwenye kikundi. Picha ya watoto mbele ya shule isiwekwe Facebook bila ruhusa ya wazazi: inaweza kumwonyesha mtu mbaya mahali walipo.

Walimu wa shule moja wanaweza kuanza na saa moja kila juma, anayejua amfundishe mwenzake. Simu zenyewe ziko tayari mifukoni.