Gesi ya Kiyoyozi Haiishi: Jinsi ya Kumpata Fundi wa Kuaminika Kabla ya Msimu wa Joto

WENYE nyumba za kupangisha, gesti na maduka jijini Dar es Salaam ambao kila mwaka hulipia kuongezwa gesi katika viyoyozi vyao, mara nyingi hulipia kosa lililofanyika siku mashine ilipofungwa. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari au uniti za LUKU. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, hugeuka kimiminika na kurudi kuwa gesi, na mashine iliyofungwa vizuri inaweza kumaliza umri wake wote bila kuongezwa hata gramu moja. Ikipungua, imevuja.

Kila fundi aliyesomea kazi hiyo analifahamu jambo hili. Hata hivyo, katika soko la ufundi neno "gesi imeisha" limekuwa bidhaa inayouzika vizuri, kwa kuwa mteja haioni gesi yenyewe, hajui ilikuwemo kiasi gani, na akikuta chumba kimepoa jioni hana sababu ya kuuliza zaidi. Baada ya miezi kadhaa joto hurudi na fundi huitwa tena.

Chukua mfano wa gesti ya vyumba kumi pale Sinza. Iwapo kila chumba kina kiyoyozi cha BTU 12,000, na kila mashine huongezwa gesi mara moja kwa mwaka kwa Sh. 80,000/-, mwenye gesti hutoa Sh. 800,000/- kwa mwaka, sawa na Sh. 2,400,000/- kwa miaka mitatu, bila ya kununua kitu kipya. Hizo ni hesabu za mfano tu na kila mfanyabiashara ataweka bei anayotozwa yeye.

Hasara kubwa zaidi haimo katika malipo ya fundi. Mashine ya kawaida ya BTU 12,000 isiyo ya inveta hutumia takriban uniti moja ya umeme kwa saa wakati kompresa inapofanya kazi. Chumba kikishafikia ubaridi uliowekwa, kompresa hupumzika. Gesi ikiwa pungufu chumba hakifikii ubaridi huo, kwa hiyo kompresa hufanya kazi usiku kucha na LUKU huenda mbio wakati mgeni analalamika kuwa chumba kina joto. Kompresa yenyewe hupozwa na gesi hiyo hiyo inayorudi kutoka ndani. Ikirudi kidogo, kompresa huchemka, na mwisho wake huungua. Kwa mashine ndogo, gharama ya kompresa mpya pamoja na kazi ya kuibadilisha inaweza kukaribia bei ya mashine nyingine. Hapo mteja hushauriwa anunue mpya, na fundi yule yule huifunga kwa namna ile ile.

Kosa lenyewe hufanyika katika saa moja au mbili za kufunga mashine. Kiyoyozi cha ukutani huja vipande viwili, cha ndani na cha nje, na gesi huwa imeshajazwa kiwandani katika kile cha nje. Fundi huviunganisha kwa mabomba mawili ya shaba ambayo ncha zake hutanuliwa mfano wa mdomo wa tarumbeta, kisha hubanwa kwa nati. Ncha iliyotanuliwa vibaya, yenye ufa au yenye chembe za shaba zilizobaki baada ya kukata bomba, itapitisha gesi kidogo kidogo kwa miezi mingi. Tundu la namna hiyo halisikiki wala halionekani kwa macho, lakini povu la sabuni likipakwa kwenye nati huweza kulionyesha.

Mabomba yakishaunganishwa, ndani yake hubaki hewa na unyevu, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Vyote viwili hutakiwa kunyonywa kwa pampu ya umeme, kazi ambayo kwa mashine ndogo huchukua kama nusu saa. Kisha pampu huzimwa na sindano ya geji huangaliwa kwa muda. Sindano ikirudi nyuma, kuna mahali panapovuja na nati hufunguliwa upya. Ikitulia, ndipo vali za mashine ya nje hufunguliwa na gesi kuruhusiwa iingie.

Fundi asiye na pampu anayo njia ya mkato. Hufungua vali kidogo, akaiacha gesi isukume hewa itoke upande wa pili, kisha hukaza nati haraka. Ni suala la sekunde chache, na mashine itapoza siku hiyo bila tatizo. Lakini sehemu ya gesi imepotea angani, na unyevu umebaki ndani. Katika mashine zinazotumia gesi ya R-410A au R-32, mafuta ya kompresa hunyonya unyevu kwa urahisi kuliko mafuta ya zamani, na mchanganyiko huo huweza kuzaa asidi inayokula kompresa toka ndani. R-32 ina jambo jingine la kuangaliwa, nalo ni kwamba huweza kushika moto. Haishiki kwa urahisi kama gesi ya kupikia, lakini inatosha kumkataza fundi kuvuta sigara juu ya ngazi.

Mwenye nyumba asiyependa kujifunza yote hayo anaweza kuangalia jambo moja, yaani fundi amefika na vifaa gani. Pampu ya kunyonya hewa, geji, kifaa cha kutanulia shaba na mizani ya kupimia gesi ni vitu vinavyoonekana hata na asiye fundi. Anayefika na bisibisi, spana mbili na mtungi begani bado hajaja kufunga kiyoyozi, hata kama mitaani ana sifa ya kuweza kila kazi. Mafundi wa namna hiyo Watanzania wamekwisha kuwapa jina, wanaitwa fundi Maiko.

Mizani ina kazi yake hasa wakati wa matengenezo. Kila mashine ina kibao kilichoandikwa aina ya gesi na uzito wake kwa gramu. Fundi makini hutafuta kwanza panapovuja, huziba, hunyonya mabomba upya, na kujaza kwa uzito ule ulioandikwa. R-410A ni mchanganyiko wa gesi mbili kwa uzito ulio sawa, na utaratibu ulio salama ni kuitoa iliyobaki na kujaza yote upya. Anayejaza huku akishika bomba kwa mkono ili asikie kama limepoa anakisia, na gesi iliyozidi huiumiza kompresa sawa na iliyopungua.

Hapa wateja nao wana sehemu yao ya lawama. Mfanyabiashara anayekagua gunia moja moja kabla ya kulipia mzigo wa mchele huweza kuwapa kazi ya viyoyozi kumi watu asiowafahamu, kwa sababu tu wamepunguza bei. Mafundi wawili wanapotaja bei, mmoja Sh. 100,000/- na mwingine Sh. 180,000/- kwa mashine, tofauti hiyo mara nyingi imo katika mambo ambayo mteja hakuyauliza. Je, bei inahusu pampu? Mabomba ni mapya na yana unene gani? Vyuma vya kubebea mashine ya nje vimo? Na breka? Kila mmoja akitakiwa aandike orodha yake kwenye karatasi, fundi wa bei ndogo pengine ataonekana kuwa ghali zaidi. Anayekataa kuandika amekwisha kujibu.

Suala la vifaa nalo lina siri zake. Wateja wengi humwachia fundi aende Kariakoo peke yake, na duka humpa cha juu. Jambo hilo ni la kawaida katika biashara ya ujenzi na halimfanyi fundi kuwa mwizi. Hatari huja pale cha juu kinapopatikana kwa kununua shaba nyembamba, au waya mwembamba kuliko mzigo wa mashine. Ni afadhali mwenye nyumba aende pamoja naye, risiti iandikwe kwa jina la mnunuzi, na malipo ya ufundi yapangwe vizuri yakiwa peke yake.

Kuhusu vyeti, ziko ngazi tatu zinazofaa kufahamika. Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB), iliyotokana na sheria ya mwaka 1997, husajili makandarasi wa majengo, wa kazi za kihandisi, wa mitambo, wa umeme na wa kazi maalum. Mwekezaji anayejenga jengo la ghorofa au hoteli hana sababu ya kutumia kampuni isiyomo katika orodha ya bodi hiyo. Kwa kazi ya vyumba viwili vitatu, wengi wanaopatikana ni mafundi binafsi. Hao waulizwe cheti cha VETA cha fani ya friji na viyoyozi. Fundi aliyejifunzia kazini bila kupita chuoni naye anaweza kupimwa ujuzi wake na VETA na kupewa cheti, kwa hiyo kisingizio cha kukosa ada ya shule hakina nguvu sana. Upande wa umeme ni wa EWURA, ambayo hutoa leseni kwa wanaofunga nyaya katika majengo.

Cheti hicho cha tatu ndicho husahauliwa mara nyingi. Fundi wa viyoyozi hutoa waya kwenye soketi iliyo karibu, ambayo tayari inabeba friji na televisheni, na kazi imekwisha. Kiyoyozi hutakiwa kuwa na laini yake kutoka kwenye boksi kuu, breka yake na waya wa ethi. Nyumba ya kupangisha ya vyumba sita ambayo viyoyozi vyake vyote vimepachikwa kwenye nyaya za zamani ni mali iliyo hatarini kuungua. Mwenye bima asome masharti yake kuhusu ufungaji wa umeme kabla hajaanza kudai.

Aina ya gesi inawahusu pia wale wanaonunua mashine zilizotumika. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, unaolinda tabaka la ozoni, ulizitaka nchi zinazoendelea kupunguza gesi za jamii ya R-22 kwa asilimia 35 ifikapo mwaka 2020 na asilimia 67.5 ifikapo 2025. Kuanzia mwaka 2030 hadi 2040 kinachoruhusiwa ni wastani wa asilimia 2.5 tu, kwa ajili ya matengenezo. Katika marekebisho yaliyopitishwa Kigali, Rwanda, Oktoba 2016, gesi kama R-410A nazo ziliwekwa kwenye ratiba ya kupunguzwa. Kwa mnunuzi maana yake ni kwamba mashine ya R-22, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa, inategemea gesi inayozidi kuadimika. Bidhaa inapoadimika wachakachuaji huingia, na ndiyo sababu fundi atakiwe kuonyesha mtungi na maandishi yake kabla ya kujaza. R-22 haiingii kwenye mashine ya R-410A, wala kinyume chake, kwani mafuta na mgandamizo ni tofauti.

Walio karibu na bahari, kuanzia Msasani hadi Kunduchi, wanalo tatizo la ziada la chumvi, ambayo hula mapezi ya mashine ya nje. Kuoshwa kwa maji safi mara kwa mara husaidia. Ni kazi ndogo ambayo mlinzi wa nyumba anaweza kufundishwa kuifanya, mradi umeme uzimwe kwanza na maji yasipigwe kwa nguvu.

Kinachobaki ni malipo, na hapo ndipo uaminifu wa pande zote hupimwa. Utaratibu unaofaa ni wa mafungu matatu, kwa mfano asilimia 40 kazi inapoanza, asilimia 40 mashine ikishajaribiwa mbele ya mwenyewe, na asilimia 20 baada ya siku 30. Jaribio si gumu. Mashine iwashwe dakika 20, kisha kipimajoto kiwekwe mahali hewa inapoingia na pale inapotoka. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 za Selsiasi ni dalili njema. Tofauti ya nyuzi tatu au nne haifai kulipiwa fungu la pili. Fundi naye ana haki ya kuogopa kuwa fungu la mwisho halitalipwa, maana wateja wanaozima simu kazi ikishakwisha si wachache. Kwa sababu hiyo makubaliano yaandikwe na kusainiwa na wote wawili, yakitaja tarehe.

Kwa kampuni, risiti ya mashine ya EFD idaiwe. Mfumo huo wa TRA ulianza mwaka 2010, na risiti yake ni ushahidi wa gharama wakati wa kukadiriwa kodi na ushahidi wa tarehe iwapo mashine itaharibika ndani ya muda wa dhamana. Muuzaji aulizwe mapema iwapo dhamana inamtaka fundi aliyeidhinishwa naye, kwani baadhi ya dhamana hufutika mashine ikifungwa na mtu mwingine.

Wakati wa kuulizia kazi hizi ni miezi ya Juni hadi Agosti, upepo wa kusi unapovuma na wateja wakiwa wachache. Fundi mzuri wakati huo ana nafasi ya kuacha pampu ifanye kazi nusu saa nzima, na bei huzungumzika. Ikifika Desemba anakuwa na simu kumi zinazomsubiri, na mteja wa kumi na moja atampata yule mwenye mtungi begani.